Shambani hadi Mwilini: Mwongozo kwa Anayetaka Shahada ya Chakula na Lishe

Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayoilisha Tanzania. Mahindi yake huenda kujaza maghala ya mikoa isiyovuna ya kutosha, na viazi vya Njombe hukaangwa chipsi hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022, uliobaini kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, uliikuta mikoa hiyo mitatu ikiongoza: Iringa zaidi ya nusu ya watoto, Njombe na Rukwa karibu nusu. Kama unafikiria kusoma shahada ya chakula na lishe, anza kwa kulitafakari hilo. Ghala limejaa, mtoto amedumaa. Anayejua chakula peke yake hawezi kukueleza kwa nini, maana kwake mahindi yapo na ni mazuri. Anayejua lishe peke yake naye atakwama mahali fulani, kwa sababu hajui kilichoyapata mahindi hayo kati ya shamba, ghala, mashine ya kusaga na sufuria. Ninachotaka kukushawishi katika mwongozo huu ni kwamba shahada hii ina thamani pale tu unapoisoma pande zake zote mbili, na kwamba vyuo vyetu, kwa jinsi vilivyopangwa, havitakulazimisha kufanya hivyo. Itabidi ujipangie mwenyewe.

Iringa ina uzito mwingine katika taaluma hii ambao wanafunzi wengi huhitimu bila kuujua vizuri. Mwaka 1983 ulianza huko mpango wa lishe wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za serikali ya Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini mara kwa mara, matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe, wakatafuta sababu, wakachukua hatua, kisha wakapima tena. Utapiamlo mkali ulipungua sana ndani ya miaka michache. Kutokana na kazi hiyo, pamoja na mengine yaliyofanyika kwingineko, UNICEF ilitoa mwaka 1990 mchoro wa visababishi vya utapiamlo ambao leo hufundishwa katika madarasa ya lishe duniani kote: juu kabisa mlo duni na maradhi, chini yake uhaba wa chakula katika kaya, malezi hafifu, na huduma za afya na maji zisizotosha, na chini zaidi uchumi na siasa. Utakutana na mchoro huo mapema sana katika masomo yako. Usiukariri kama jibu la mtihani. Kila mshale uliomo ni swali ambalo mtu fulani alilazimika kwenda kuliuliza kijijini, na udumavu wa nchi, uliokuwa karibu nusu ya watoto mwanzoni mwa miaka ya 1990, umeshuka hadi asilimia 30 kwa sababu baadhi ya maswali hayo yalipata majibu. Kwamba mkoa ulioufundisha ulimwengu bado unaongoza kwa udumavu ni ushahidi kuwa kazi iliyobaki ni ngumu kuliko kulima mahindi zaidi.

Chukua bakuli moja la uji uone ugumu wenyewe ulipo. Tumbo la mtoto mdogo hupokea kwa mara moja takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 8 ataishia kwenye mililita 240 hivi. Mama humpikia uji mwepesi ili aweze kuumeza. Kama unga ni asilimia 5 tu ya uji huo, bakuli zima lina gramu 12 za unga, yaani kilokalori 43 au karibu na hapo. Mtoto ameshiba, lakini amekula maji. Ukiupika uji uwe na unga asilimia 20, bakuli lile lile litabeba zaidi ya kilokalori 170, ila utakuwa mzito kiasi kwamba kijiko kinasimama na mtoto anautema. Sasa uache upoe hadi uweze kuuonja bila kuungua, tia kijiko kidogo cha unga wa kimea cha ulezi, koroga. Baada ya dakika chache uji unalegea na kumiminika, na hakuna tone la maji lililoongezwa. Vimeng'enya vya kimea vimekata minyororo ya wanga. Ukikitia kimea uji ukiwa bado unatokota, vimeng'enya hivyo vinakufa na hutaona mabadiliko yoyote. Ukitumia kimea cha mtama badala ya ulezi bila kuondoa machipukizi na mizizi, unaweza kumpa mtoto sianidi, kwa kuwa chipukizi la mtama huitengeneza. Watafiti wa Tanzania walilifanyia kazi jambo hili tangu miaka ya 1980, na ndani ya bakuli hilo moja kuna fiziolojia ya mtoto, kemia ya wanga, joto, usalama wa chakula na mkono wa mama anayepika. Sehemu yoyote usiyoielewa ndiyo itakayoharibu ushauri wako.

Kuna pia mahali ambapo ushauri wa lishe unaweza kuua, na neno hilo nalitumia kwa maana yake kamili. Mwaka 2016 watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na 20 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kenya mwaka 2004 ilipoteza watu 125 kwa sababu hiyo hiyo. Sumu hii haina rangi, harufu wala ladha, na moto wa kupikia hauiondoi. Mtaalamu anayejua makundi ya vyakula tu atamwambia mama aongeze karanga kwenye uji wa mtoto kwa ajili ya protini na mafuta, na kwa karatasi atakuwa sahihi, lakini karanga na mahindi ndiyo mazao ambayo kuvu huyapenda yakivunwa mabichi na kuanikwa chini. Ushauri huo haujakamilika mpaka uwe na maelezo ya kukausha, kuchambua na kuhifadhi. Upande wa pili nao unadai haki yake. Wilayani Tarime, katika ukame wa katikati ya miaka ya 1980, watu walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa wa konzo, unaotokana na mhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha. Kuloweka, kuvundika na kukausha mhogo ni somo la usindikaji. Lakini mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa inayotokana na protini, kwa hiyo sumu ile ile humdhuru zaidi anayekula mhogo bila maharage wala dagaa. Mtaalamu wa usindikaji asiyejua hilo atapima sianidi kwenye unga na kuishia hapo, wakati nusu ya hatari ipo kwenye kitoweo kinachokosekana.

Sasa tuje kwenye kuchagua programu. Majina ya shahada yanapotosha. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina shahada ya lishe ya binadamu na nyingine ya sayansi na teknolojia ya chakula, kila moja na wanafunzi wake. Kenya, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kinafundisha sayansi ya chakula na lishe katika shahada moja, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kinaegemea zaidi lishe na tiba lishe. Makerere, Uganda, inazo zote mbili, kila moja kivyake. Usichague kwa jina. Tafuta orodha ya masomo ya kila mwaka, chukua kalamu, na uweke alama mbele ya haya: biokemia, kemia ya chakula, mikrobiolojia ya chakula, lishe katika hatua za maisha, takwimu, na mafunzo kwa vitendo. Programu isiyo na takwimu za kutosha au isiyokupeleka nje ya chuo ni dhaifu hata kama jina lake linavutia. Baada ya hapo tazama masomo ya hiari, kwa kuwa ndiyo mlango wa kuvukia upande wa pili: anayesoma lishe achukue usalama na usindikaji wa chakula, anayesoma teknolojia ya chakula achukue lishe ya jamii. Kama chuo hakikuruhusu kuyasajili, omba kuketi darasani bila kufanya mtihani. Wahadhiri wengi hukubali.

Kuhusu sifa za kuingia, kwa Tanzania tahasusi zinazotegemewa ni zile zenye Kemia na Biolojia: PCB, CBG, CBA, na CBN ambayo imebeba somo la lishe lenyewe. Kemia ndiyo inayowafungia wengi mlango, kwa hiyo kama uko kidato cha tano na unaiona kama mzigo, ibebe vizuri sasa. Wenye stashahada nao hupokelewa kwa wastani unaotakiwa. Viwango kamili vya kila programu vimo katika kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu. Soma cha mwaka wako, usitegemee cha kaka yako. Hakikisha pia programu unayoomba imo katika kitabu hicho, na usingoje barua ya chuo ndipo uanze kushughulikia mkopo, maana Bodi ya Mikopo ina dirisha lake na lina siku ya kufungwa. Kwa Kenya kuna jambo la ziada: sheria ya mwaka 2007 iliunda taasisi inayosajili wataalamu wa lishe, kwa hiyo kabla ya kulipa ada uliza kama shahada hiyo inatambuliwa nayo.

Utasikia watu wakisema kwamba hii ni kozi ya mapishi, na mara nyingi wanayasema hayo kwa msichana, kwa sauti ya kumpunguzia kitu. Jibu lake liko maabara. Protini ya chakula hupimwa kwa njia ya Kjeldahl, iliyobuniwa mwaka 1883: unachemsha sampuli katika asidi kali hadi nitrojeni yake ifunguke, unaipima, kisha unazidisha kwa 6.25. Mwanafunzi anayekariri hatua hizo atapata alama. Anayeelewa kwamba kipimo hicho hupima nitrojeni na kukisia protini anajua pia kinavyoweza kudanganywa. China, mwaka 2008, wafanyabiashara walitia melamini, kemikali ya viwandani yenye nitrojeni nyingi, kwenye maziwa yaliyoongezwa maji ili yaonekane yana protini. Watoto wapatao 300,000 waliugua, figo zikajaa vijiwe, na 6 walikufa. Kipimo kilifanya kazi yake, aliyedanganyika ni yule aliyeamini namba bila kuuliza inatoka wapi. Kwa hiyo, katika kila zoezi la maabara, kabla ya kuandika matokeo, andika pembeni sentensi moja: kipimo hiki kinapima nini hasa, na kinakisia nini. Zoea hilo litakusaidia kuliko madaftari yote ya kunakili.

Zoea hilo hilo lipeleke kwenye kupima watu. Kumpima mtoto urefu kunaonekana kazi ya dakika moja, lakini aliye chini ya miaka 2 hupimwa amelazwa na aliyezidi hapo amesimama, na tofauti ya namna hizo mbili ni kama sentimita 0.7, inayotosha kumhamisha mtoto kutoka kundi la waliodumaa au kumwingiza. Magoti yasiponyooshwa, au kichwa kisipogusa ubao, umeandika uongo kwa nia njema. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono ni hivyo hivyo: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na ukiukaza utepe kidogo tu unampeleka kwenye matibabu mtoto asiyestahili, ukiulegeza unamrudisha nyumbani aliyepaswa kutibiwa. Kupima mlo ni kugumu zaidi. Njia iliyozoeleka ni kumwomba mama akumbuke kila alichokula mtoto katika saa 24 zilizopita, ila mtoto huyo amekula kwenye sinia moja na ndugu zake wanne, na mama alikuwa jikoni. Utakadiria vipi tonge zake? Majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2008, na yale ya Kenya ya mwaka 2018, yatakupa madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha. Hayatakuambia nani alifika kwenye sinia kwanza. Somo la takwimu, ambalo wanafunzi wengi wa lishe hulipitia kwa kusali, ndilo linalokufundisha kuishi na makosa ya aina hii bila kuyaficha, na ningekushauri ulipe muda mwingi kuliko somo lolote la mwaka wa kwanza isipokuwa biokemia.

Mafunzo kwa vitendo ndiyo nafasi yako kubwa ya kuvuka, na ndiyo inayopotezwa zaidi. Wengi huenda panapopatikana karibu na nyumbani, wanakaa ofisini wakipanga mafaili, wanarudi na ripoti ya kurasa nyingi. Fanya kinyume cha masomo yako. Kama unasoma lishe, omba kiwanda cha kusaga unga au cha maziwa, uone virutubisho vinavyoongezwa kwenye unga kwa mujibu wa kanuni zilizoanza mwaka 2011, na uulize kwa nini kanuni hizo ziliziacha nje mashine ndogo za mtaani wakati ndizo zinazosaga unga wa vijijini. Kama unasoma teknolojia ya chakula, nenda kliniki ya mama na mtoto, ukae na muuguzi siku ya kupima uzito, usikie akina mama wanasema nini kuhusu unga wa lishe unaouzwa dukani. Andika barua za maombi miezi mitatu kabla, zipitishe kwa mratibu wa mafunzo, na ukifika omba kazi yenye mwanzo na mwisho: kuchunguza unyevu wa mahindi katika maghala kumi, kwa mfano, ni afadhali kuliko kusaidia kila kitu. Utafiti wa mwaka wa mwisho uzaliwe hapo, swali likiwa dogo na data ukiwa umezikusanya kwa mikono yako.

Hapa kuna pingamizi zito kuliko la mapishi. Atakuambia mtu, na pengine mhadhiri wako mwenyewe, kwamba anayeshika pande mbili hashiki hata moja, kwamba soko linataka bingwa, na kwamba miaka mitatu au minne haitoshi hata kwa nusu ya kazi. Muda kweli hautoshi, na sisemi uwe bingwa wa pande zote. Chagua nyumba yako: uwe mtu wa lishe au mtu wa chakula, na humo uzame. Ninachodai ni kwamba upande wa pili uujue kiasi cha kusoma ripoti yake na kuuliza swali ambalo mwenyewe halipendi. Tazama suala la sembe na dona. Mtu wa lishe huhubiri dona kwa sababu ya vitamini na nyuzinyuzi zilizomo kwenye ganda na kiini. Mtu wa chakula anajua kuwa dona huchacha mapema kwa mafuta ya kiini, na kwamba kama mahindi yana kuvu, sehemu kubwa ya sumu iko huko huko kwenye ganda na kiini kinachoondolewa kwa kukoboa. Ushauri wa kweli kwa shule inayonunua magunia ya muhula mzima unataka mambo yote hayo mezani kwa wakati mmoja, na mara nyingi anayeutoa ni mtu mmoja tu, afisa lishe wa halmashauri, asiye na bingwa wa kumpigia simu. Ubingwa mwembamba unafaa palipo na mabingwa wengi wa kusaidiana. Wilayani kwako pengine utakuwa peke yako.

Kuhusu ajira sitakupamba. Nafasi za serikali haziwatoshi wahitimu, na kungoja tangazo la ajira mwaka hadi mwaka kumewavunja moyo vijana wenye uwezo. Lakini uwanja si mtupu. Tangu mwishoni mwa 2017 wakuu wa mikoa hutia saini mkataba wa lishe, na halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5, jambo lililoifanya ofisi ya afisa lishe iulizwe hesabu. Kisukari na shinikizo la damu vinaongezeka: mwaka 2015/16 asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, huku asilimia 45 wakiwa na upungufu wa damu, na hospitali zinahitaji watu wanaoweza kumpangia mgonjwa mlo kwa vyakula vya sokoni kwake. Viwanda vinahitaji wasimamizi wa ubora wanaojua kusoma matokeo ya maabara. Mhitimu wa upande mmoja ataomba sehemu moja ya hizo, wewe utaomba zote, ukiwa na ripoti ya kiwandani na ya kliniki kwenye bahasha moja.

Na kama unawaza kujiajiri, wengi huanza na unga wa lishe, ambao pia ndio mtihani mzuri wa yote niliyosema. Mchanganyiko wa mtaani una mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, soya na karanga kwa pamoja, kwa imani kwamba nafaka nyingi ni lishe nyingi. Nafaka zinafanana sana kwa wanga wake, kwa hiyo kuongeza ya tatu na ya nne hakumwongezei mtoto kitu cha maana. Soya isiyopikwa au kukaangwa vizuri huzuia umeng'enyaji wa protini. Karanga zikisagwa na kukaa, unga unachacha na hatari ya sumukuvu ipo tangu gunia la kwanza. Wewe unaweza kutengeneza unga wa nafaka moja na jamii ya kunde moja iliyokaangwa sawasawa, ukiwa na kipimo cha unyevu, na maelekezo kwenye pakiti yanayomwambia mama karanga zichambuliwe na kuongezwa siku ya kupika. Tangu 2019 usajili wa vyakula na majengo ya kusindikia uko Shirika la Viwango, TBS, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, husaidia wajasiriamali wadogo kwa mafunzo na mashine. Anza kutengeneza na kupima ukiwa mwaka wa pili, wakati maabara ya chuo bado iko wazi kwako na kosa la kwanza halijafika kwenye bakuli la mtoto wa mtu.